Mhusika yupi wa gemu za ngumi ni mgumu kumudu kuliko wote? Mimi nasema Kazuya

#1 Kidole Gumba

Wakuu, salaam.

Ubishi huu hauishi vibandani, nimeona tuulete hapa tuuchambue kwa vipimo. Hoja yangu: Kazuya Mishima wa Tekken ndiye mgumu kuliko wote, na sababu kubwa ni pigo moja tu, ule umeme wake, Electric Wind God Fist.

Unavyotolewa ukiwa upande wa kushoto wa skrini: gusa mbele, achia kabisa, chini, halafu chini-mbele pamoja na kitufe cha pembetatu. Hapo mwisho ndipo pana kazi. Chini-mbele na pembetatu lazima viingie kwenye fremu (picha moja ya gemu) ileile. Gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni kama milisekunde 17. Pembetatu ikichelewa kidogo tu, inatoka Wind God Fist ya kawaida, isiyo na cheche.

Sasa angalieni bei ya kosa hilo. Umeme ukikingwa, wewe ndiye unayetangulia kwa fremu 5, unaendelea kumkandamiza mtu. Ile ya kawaida ikikingwa, uko nyuma kwa fremu 10, na jebu (ngumi nyepesi ya haraka) ya kila mhusika ni fremu 10. Yaani milisekunde 17 zinageuza zamu yako kuwa zamu ya kupigwa.

Leteni wa kwenu, na mseme ugumu uko wapi hasa. Nawasilisha.

#2 Mkia wa Nyoka

Mkuu umeanza vizuri ila umechukua ugumu wa vidole peke yake. Umeme ni kitu kimoja, unaurudia mara elfu mpaka kidole kikariri. Mgumu ni Lei Wulong, wa Tekken hiyohiyo.

Hesabu mikao yake, yaani namna anavyouweka mwili: Nyoka, Joka, Chui, Simbamarara, Korongo, ulevi, Feniksi, kumpa adui mgongo, halafu kulala chini kwa namna nne: chali au kifudifudi, miguu au kichwa kikielekea kwa adui. Kila mkao una mapigo yake, na vitufe vilevile vinatoa vitu tofauti. Mraba ya Nyoka si mraba ya Joka. Kwa hiyo kabla hujabonyeza chochote lazima ujue mwili wake uko katika hali gani sasa hivi, na adui anakupiga huku ukifikiria.

Kazuya unaujua umeme, unajua teke la chini, unajua ngumi ya kuinukia, unaweza kuingia ulingoni. Lei ukijua mikao miwili tu, adui anaisoma baada ya raundi moja.

#3 Shuka Twende

Eddy Gordo. Uzi ufungwe.

#4 Binti Fremu

@Shuka Twende Eddy? Eddy ndiye mhusika ambaye mtoto anashika pedi ya Tekken 3 kwa mara ya kwanza, anatwanga X na duara bila mpangilio, na anamtoa mtu jasho. Fafanua.

#5 Shuka Twende

@Binti Fremu ndiyo maana nimemtaja. Watu wanachanganya urahisi wa kubonyeza na urahisi wa kumudu. Ukitwanga ovyo, kapoera yake (mapigano ya Kibrazili) inatoka yenyewe kwa sababu mapigo mengi yanaungana kwa mateke. Lakini anayejua kukinga anakusubiri. Anachuchumaa, anakinga teke la chini, anainuka na teke la kuinukia, ambalo kwa wahusika wengi ni fremu 11. Ukirudia, anarudia. Mtwangaji kafika mwisho wa barabara.

Kummudu Eddy maana yake ni kuchagua kwa makusudi lini uwe wima, lini ushike mikono chini miguu juu, lini ulale, na kutoka kila hali kwenda nyingine bila kuacha mwanya. Kutoka mkao wa chini una teke la chini na la kati yanayofanana mwanzo wake. Ukimzoesha adui la chini, ndipo la kati linamrusha. Hilo halitoki kwa kutwanga, maana mtwangaji mwenyewe hajui kinachofuata.

Wala si mhusika wa mchezo mchezo: mienendo yake ya Tekken 3 ilinakiliwa kutoka kwa bingwa halisi wa kapoera, Marcelo Pereira.

#6 Binti Fremu

Nimekuelewa. Ila bado hapo umeeleza kwamba ana ngazi ndefu. Hujaonyesha kwamba ngazi yake ni ndefu kuliko ya Lei, na ngazi za hao wawili zinafanana sana: zote ni mikao.

Na kwa @Kidole Gumba: kwa nini Kazuya na si Devil Jin, wa Tekken pia? Umeme anao, wevudashi (mwendo wa kuteleza mbele) anayo, na juu yake anaongeza mbawa na miale.

#7 Kidole Gumba

@Binti Fremu kwa sababu Devil Jin akikosa umeme ana vitu vingine vingi vya kumsitiri. Kazuya wa kabla ya Tekken 8, ukimwondolea umeme, anabaki na silaha chache za kujitafutia nafasi, na nyingi zinakwepeka kirahisi. Wanaomjua wanatembea pembeni kuelekea kushoto kwao na mapigo yake yanapita hewani. Kwa hiyo analazimika kutishia kwa wevudashi: mbele, achia, chini, chini-mbele, unarudia bila kukatika, anasogea kama anateleza. Akifika karibu adui ana kitendawili: teke la chini linalomwangusha, au ngumi ya kati inayomrusha. Teke hilo likikingwa, anayerushwa ni Kazuya. Hakuna pigo lake zito lisilo na gharama.

#8 Gurudumu 360

Ninyi mmezaliwa na Tekken mkaishia hapohapo. Njooni Street Fighter muone Zangief.

Spinning Piledriver inataka mzunguko mzima wa mshale, kisha ngumi. Tatizo ni kwamba mzunguko unapita juu, na juu ni kuruka. Ukizungusha taratibu, Zangief anaruka, na akiwa hewani hawezi kukamata mtu aliyesimama. Unatakiwa ubonyeze ngumi kabla miguu haijaacha ardhi.

Njia ya kweli ni kuficha mzunguko ndani ya tendo jingine: zungusha wakati unatua kutoka kuruka, au wakati ngumi yako nyepesi inagusa kinga ya adui, au wakati unakinga wewe. Muda huo Zangief hawezi kuruka hata ukigusa juu. Tendo likiisha tu, ngumi, mtu kakamatwa. Na ile kubwa kuliko zote ni mizunguko miwili, 720. Kuitoa ukiwa umesimama tu bila kazi ni shughuli pevu, ni heri uzalishe sababu ya kuwa kwenye tendo.

Halafu ongeza kwamba ni mzito, hana kombora (pigo la kurusha toka mbali), na kila mtu anamkimbia. Unatembea chini ya mvua ya makombora ili upate nafasi moja.

#9 Mkia wa Nyoka

@Gurudumu 360 umesema vizuri lakini ukiangalia sana, mzunguko wenyewe mtu anaushika haraka. Kilichobaki ni kufika karibu. Hapo ugumu si wa mhusika, ni wa pambano: dhidi ya mtu wa makombora ni kazi, dhidi ya mtu wa karibu mwenzio ni nafuu.

#10 Gurudumu 360

Na ugumu wa pambano ni wa nani kama si wa mhusika? Ukimchagua Zangief umechagua na mapambano yake yote.

#11 Kivuli cha Pili

Habari za humu. Nasoma tangu #1 na bado hajatajwa mhusika mwenye miili miwili.

Zato-1 wa Guilty Gear. Anaendesha mwili wake na pia kivuli chake, Eddie, kwa wakati mmoja na kwa pedi hiyohiyo moja. Amri za Eddie zinatoka ukiachia kitufe. Kwa hiyo mkono wako wa kulia unafanya kazi mbili: kubonyeza ni pigo la Zato, kuachia ni pigo la Eddie. Ukitaka Eddie apige baadaye, unashikilia kitufe hicho, na wakati umekishikilia unacheza Zato kwa vitufe vilivyobaki. Kidole kikiteleza, Eddie anapiga mahali pasipo na mtu.

Nia ya yote haya ni moja: Zato anapomaliza pigo na adui anataka kujibu, Eddie anakuwa katikati ya pigo lake. Adui anabaki amekinga, hapumui. Lakini Eddie ana kipimo cha nguvu, kikiisha anaondoka na unasubiri kijae. Na Zato akipigwa, Eddie anatoweka. Umejenga ukuta kwa sekunde tano, jebu moja inaubomoa.

Mwenzake ni Carl Clover wa BlazBlue na yule mwanasesere wake Nirvana. Dhana ni ileile, na Carl mwenyewe ni dhaifu akiwa mbali naye.

#12 Kidole Gumba

@Kivuli cha Pili hili ni zito. Swali: makosa ya mwanzo ni yapi hasa? Maana kila mtu anasema "miili miwili" halafu anaishia hapo.

#13 Kivuli cha Pili

Matatu makubwa.

Kosa la kwanza ni kumwita Eddie mapema, adui akiwa mbali. Kipimo kinayeyuka bure. Mwite adui akiwa ameanguka au amekinga.

Kosa la pili ni kubonyeza na kuachia kwa mazoea. Mtu aliyezoea gemu nyingine anagusa kitufe na kukiachia hapohapo. Kwa Zato kila kugusa namna hiyo ni amri mbili. Zoezi lake: mwite Eddie, shikilia kitufe kimoja, tembea mbele na nyuma, ruka, kinga, kisha achia pale tu unapotaka. Usipige chochote na Zato mpaka hilo liwe rahisi. Baadaye ongeza pigo moja la Zato kati ya kushika na kuachia.

La tatu ndilo linalowashinda wengi: macho. Unamwangalia nani? Ukimwangalia Zato, Eddie anapotea. Ukimwangalia Eddie, unapigwa. Jibu ni kumwangalia adui, na hao wawili uwajue kwa mapigo ya muda. Ndiyo maana nasema huyu hummudu kwa vidole peke yake.

#14 Mzee wa Chogo

Vijana, mmesahau walikotoka. Akira Yuki, Virtua Fighter, tangu 1993. Gemu ina vitufe vitatu tu: ngumi, teke, kinga. Mtu akisikia hivyo anadhani ni rahisi.

Kuna goti lake maarufu. Unabonyeza teke na kinga pamoja, halafu unaachia kinga ndani ya fremu moja huku teke likibaki limeshikwa. Umeme wa Kazuya unakutaka vitu viwili *viingie* pamoja, na binadamu ana mazoea ya kugonga vitu viwili kwa pamoja. Goti la Akira linataka viingie pamoja na *kimoja kitoke* fremu moja baadaye. Kidole gumba kimoja hakiwezi kufanya hayo, lazima utumie vidole viwili tofauti, kimoja kiguse kama kimeungua, kingine kibaki.

#15 Binti Fremu

@Mzee wa Chogo shikamoo. Kwenye pedi mtu afanyeje? Kitufe cha teke na cha kinga vikiwa jirani, gumba linavifunika vyote na linatoka kwa vyote.

#16 Mzee wa Chogo

Marahaba. Ingia mpangilio wa vitufe, hamishia kinga kwenye R1. Teke libaki usoni mwa pedi kwa kidole gumba, kinga kwa kidole cha shahada. Shahada iwe imeshagusa R1 bila kuibonyeza, halafu iguse na kuruka. Usivute kidole kuja kwako, kiinue tu. Kuvuta kunachukua muda mrefu kuliko kuinua.

#17 Shuka Twende

Na Ken wa Street Fighter III: 3rd Strike? Lile pambano la Evo 2004 (mashindano makubwa ya gemu za ngumi), Daigo Umehara kabaki na uhai wa unywele, Chun-Li wa Justin Wong anaachia mateke 15, yote yakazuiwa moja moja halafu Ken akamaliza. Kama si ugumu wa mhusika ni nini?

#18 Gurudumu 360

Hapo umechanganya mambo. Ule uzuiaji kwa kugusa mbele ni wa gemu nzima, kila mhusika wa 3rd Strike anao. Ken hana cha ziada hapo. Angekuwa Ryu, mateke yangezuiwa vilevile. Ken ni miongoni mwa wahusika wanaofundishika kirahisi kwenye gemu hiyo.

Sababu ya kuzuia badala ya kukinga ni kwamba mapigo maalumu yakikingwa yanakata uhai kidogo, na Daigo hakuwa na hata hicho kidogo. Kwa hiyo ugumu ulikuwa wa dakika ile, usiuandike kwa jina la Ken.

Ukitaka mgumu wa gemu hiyo, mtazame Urien. Mapigo yake mengi ni ya kulimbikiza: unashikilia nyuma au chini kwa muda, ndipo unasukuma mbele au juu. Halafu anaweka vioo vyake viwili, Aegis Reflector, na unatakiwa umlaze adui katikati ili kioo kimpige upande huu na wewe upande mwingine, asijue akinge wapi. Na wakati unaweka kioo cha kwanza lazima uwe umeshaanza kulimbikiza pigo la baadaye. Ukisahau kulimbikiza, kioo kinafanya kazi na wewe umesimama mikono mitupu.

#19 Shuka Twende

Nimekubali kuhusu Ken. Kuhusu Eddy sirudi nyuma.

#20 Fundi Raba

Jamani naomba niingize jambo ambalo hamjaligusa. Nusu ya "wahusika wagumu" wa vibandani ni pedi mbovu.

Fungua pedi ya PS2 iliyofanya kazi miaka. Chini ya vitufe kuna raba, na chini ya raba kuna karatasi ya plastiki yenye mistari ya kupitisha umeme. Kila raba ina kidoti cheusi kinachogusa mistari hiyo. Upande wa mshale, raba ya *mbele* na ya *chini* ndizo zinazochoka kwanza kwa Tekken. Kidoti kinang'aa na kulika, raba inalegea. Sasa chini-mbele si kitufe cha peke yake, ni chini na mbele zikigusa pamoja. Raba moja ikichelewa, gemu inasoma chini peke yake, na umeme wa Kazuya unageuka kitu kingine kabisa. Mtu analaumu kidole chake.

Jinsi ya kupima: ingia mazoezi, washa historia ya vitufe, shikilia chini-mbele bila kutikisa. Mshale wa mshazari ukiwa unakatika na kugeuka wa chini, raba ni mbovu. Safisha karatasi kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke, na ubadilishe raba ya mshale na ya upande ambao hautumiki sana. Usikwangue kidoti cheusi kwa kisu, ukikiondoa hakirudi.

Na TV. Za chogo hazicheleweshi picha. Bapa nyingi zinachelewesha, na kuchelewa kwa milisekunde 50 ni fremu 3. Hapo umeme hautoki ng'o.

#21 Kidole Gumba

@Fundi Raba kuhusu raba uko sahihi kabisa, asante sana. Kuhusu TV nakusahihisha. Umeme hautegemei unachokiona. Ni vidole viwili kukutana, na vinakutana mkononi mwako, hata ukifumba macho unatoka. TV inayochelewesha haiuharibu.

Inachoharibu ni mambo ya kujibu kwa kuona: kuvunja mkabo (kujinasua ukishikwa), kuinama kukinga teke la chini, kuadhibu pigo lililokosa. Kwa hiyo King, yule wa mikabo wa Tekken, anakuwa mkali zaidi kwenye TV ya namna hiyo. Adui anatakiwa aone mkono upi umetangulia ndipo avunje kwa mraba, au pembetatu, au vyote viwili. Mkabo wake wa Giant Swing unavunjwa kwa mraba. Ukipoteza fremu 3 za kuona, unabaki kukisia.

#22 Fundi Raba

Sawa, hilo la TV nalifuta. Ni kweli, umeme ni mkononi.

#23 Simu Janja

Na sisi tunaocheza Tekken 6 kwenye simu kwa PPSSPP (programu ya kuchezea gemu za PSP)? Umeme unawezekana kwenye kioo? Kurusha fremu (frame skip) nimeweka 2 ili isikwame.

#24 Binti Fremu

@Simu Janja unawezekana, lakini anza kwa kuondoa hiyo. Kurusha fremu hakubadilishi jinsi gemu inavyosoma vitufe, kunakunyima picha tu, na huwezi kujifunza mwendo usiouona. Kibaya zaidi ni simu kushindwa kwenda kasi kamili. Ikishuka, sekunde ya gemu inarefuka, mkono unakariri mwendo wa polepole, na siku simu ikiwa imepoa unakosa kila kitu. Afadhali ushushe ukubwa wa picha mpaka chini kabisa na kasi ibaki asilimia 100.

Kwenye kioo kidole hakisikii ukingo wa mshale, kwa hiyo kinapitiliza mshazari. Kuza mshale kwenye mpangilio, usogeze mbali na ukingo wa simu. Kuna na vitufe vya kujitengenezea vinavyounganisha vitu viwili kwa mguso mmoja. Ukiunganisha chini na mbele na pembetatu, umeme unatoka kirahisi, lakini hapo hujaumudu, umeuazima. Ukipata pedi ya waya kwa OTG (kiunganishi cha USB cha simu) ni bora kuliko ya bluetooth.

#25 Mkia wa Nyoka

Tunarudi kwenye mada. Naongeza Yoshimitsu wa Tekken kwenye upande wangu wa mikao. Huyu ana mikao, ana upanga, na ana mapigo yanayomkata uhai yeye mwenyewe. Ukikosea kitufe unaweza kujiua. Kwa hiyo mchezaji anatakiwa apige hesabu ya uhai wa pande zote mbili kila wakati: nikijichoma naye akiumia hiki, nani anabaki?

#26 Kivuli cha Pili

@Mkia wa Nyoka lakini mikao ya Yoshimitsu inamlemea adui kuliko inavyomlemea anayemcheza. Adui hajui nini kinakuja. Hiyo ni faida. Tofautisha mhusika mgumu kuchezwa na mhusika mgumu kukabiliwa.

#27 Mkia wa Nyoka

Nimetofautisha. Ila ujanja wa kushangaza watu unakufa ukikutana na anayekujua, na hapo ndipo Yoshimitsu anakuwa mgumu kuchezwa.

#28 Fremu Moja

Salaam. Wote mnaongelea ngumi za ana kwa ana, lakini kipimo cha juu cha vidole ni Fox wa Super Smash Bros. Melee ya 2001. Akitaka kuruka anatumia fremu 3 kujiandaa, na ukitaka mruko mfupi lazima uwe umeachia kitufe ndani ya muda huo. Pigo lake la kung'aa linapiga kuanzia fremu ya 1. Kila unapotua na pigo, unabonyeza L, R au Z ndani ya fremu 7 kabla ya kugusa ardhi, la sivyo kutua kunachukua muda maradufu. Hayo yote ni kila sekunde, si mara moja kwa raundi kama umeme.

#29 Mzee wa Chogo

Hiyo ni gemu ya kusukumana ukingoni. Uhai hakuna, ni asilimia. Si ya ngumi.

#30 Fremu Moja

Mzee wangu, kuna kukinga, kuna mkabo, kuna kombo (mapigo ya kuunganisha), kuna fremu. Kipi kimepungua?

#31 Gurudumu 360

Iwe ya ngumi au isiwe, hoja yake ya *mara ngapi* ni nzito. Street Fighter IV ilikuwa na viungo vya fremu moja, yaani pigo la pili kuungana na la kwanza kwa nafasi ya fremu moja tu, watu wakabuni kubonyeza kitufe kikubwa na kidogo kwa kupishana fremu moja ili gemu isome kile kikubwa mara mbili. Street Fighter V ya 2016 ikalegeza, kitufe cha mapema kidogo kikahifadhiwa. Street Fighter 6 ikaleta na mfumo wa kisasa, pigo maalumu kwa kitufe kimoja, ila nguvu inapungua asilimia 20. Wahusika walewale, ugumu tofauti. Sasa mnaposema "mgumu kuliko wote", ni wa toleo lipi?

#32 Kidole Gumba

Swali la haki. Kazuya wangu ni wa Tekken 7. Tekken 8 ya Januari 2024 imempa silaha nyingi zaidi. Na Lei hayumo kati ya wale 32 wa mwanzo wa Tekken 8, kwa hiyo @Mkia wa Nyoka wako pia ni wa zamani.

#33 Binti Fremu

Mimi nina maelezo mengine kabisa. Mtazameni Arslan Ash wa Pakistani. Mwaka 2019 alichukua Evo Japan na Evo ya Marekani, Tekken 7. Mwaka 2024 akachukua Evo ya Tekken 8 kwa mhusika Nina. Angalieni anachofanya muda mwingi: bakdashi, yaani kuruka nyuma haraka. Anarudi nyuma, adui anapiga hewa, anaadhibu.

Bakdashi ya Kikorea: nyuma, nyuma, kisha chini-nyuma kuikatisha, nyuma, chini-nyuma, nyuma, chini-nyuma. Kosa la kila mtu ni kuachia mshale katikati. Baada ya chini-nyuma usirudi katikati, telezesha kidole kwenda nyuma moja kwa moja. Hilo linafanyika na mhusika yeyote. Kwa hiyo nikiulizwa, mhusika mgumu ni yule ambaye bakdashi yake ni fupi, kama Zangief alivyo mzito huko kwao, maana anakosa kinga ya umbali na analazimika kukisia kila mara. Umeme na mikao ni mapambo juu ya hapo.

#34 Kivuli cha Pili

"Mapambo" ni neno kali dada. Zato bila Eddie hana anachokitegemea, umbali au usiwe umbali.

#35 Mgeni Ulingoni

Wakuu samahani. Mtu anayeanza leo na anataka mmoja kati ya hawa wagumu, achukue yupi?

#36 Shuka Twende

Eddy. Utafurahi tangu siku ya kwanza, na ngazi iko palepale ukitaka kupanda.

#37 Mkia wa Nyoka

Usimsikilize, utakariri kutwanga na kukiondoa hicho ni kazi kuliko kuanza upya. Chukua Lei, mikao miwili tu kwa mwezi.

#38 Kidole Gumba

@Mgeni Ulingoni chukua Kazuya, na usianze na mwendo mzima. Ingia mazoezi, washa historia ya vitufe. Shikilia chini, kisha sogeza kidole kwenda chini-mbele na ugonge pembetatu papo hapo. Mshale wa mshazari na pembetatu lazima vionekane kwenye mstari mmoja. Vikiwa mistari miwili na pembetatu imekuja baada ya mshazari, umechelewa. Pembetatu ikiwa kwenye mstari wa mshale wa chini, umewahi. Fanya hilo mpaka lipatane mara 10 mfululizo, ndipo uongeze mbele na kuachia. Ukisahau kuachia, hatua ya kuteleza haitoki na unapata ngumi ya kawaida ya chini-mbele.

Ukimaliza upande wa kushoto, hamia kulia uanze upya kutoka sifuri, kwa sababu huko kidole gumba kinavutwa kuja ndani badala ya kusukumwa kwenda nje.

#39 Mzee wa Chogo

Upande wa kulia wengi hukosa kwa kuwa wanagusa mbele kwa nguvu na kidole kinakawia kurudi. Mguse kwa ncha, usikandamize.